Maelezo kwa Wananchi: Kuthibitisha Ubaba Baada ya Kifo cha Mzazi kwa Kupima Vinasaba vya Ndugu

Wananchi wanaarifiwa kwamba, pale ambapo baba amefariki dunia kabla ya kumtambulisha mtoto wake kwa jamaa au kumwandikisha, ipo njia ya kitaalamu ya kuchunguza ubaba huo kwa kupima vinasaba, yaani DNA, vya ndugu waliobaki hai. Njia hiyo ina nguvu yake na ina mipaka yake. Maelezo haya yanatolewa ili kila anayehusika, awe mama wa mtoto, mjane, mtoto mwenyewe, msimamizi wa mirathi au mzee wa ukoo, aelewe mambo matatu: kipimo kinaweza kusema nini, kinaombwa kwa utaratibu gani, na kwa nini majibu yake peke yake hayatoshi kumpa mtu urithi.

Maelezo yanaelekezwa hasa kwa familia zenye ndugu waliokwenda kutafuta riziki katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita. Wapo waliotoka bara na wapo waliotoka visiwani, na habari za misiba yao huwafikia jamaa wakiwa mbali.

1. HALI ILIVYO MACHIMBONI

Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu wakati wa Wajerumani, na mgodi wa kikoloni ulifanya kazi hapo hadi mwaka 1966. Migodi mikubwa ya siku hizi ilifuata baadaye: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009, ambao ulisimamisha uchimbaji na kuingia katika kufungwa mwaka 2021. Pembeni ya migodi hiyo wako wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamagaza, Mgusu, Nyangalata na kwingineko. Wengi wao huhama kutoka duara moja hadi jingine kila inaposikika habari ya dhahabu mpya.

Mtu wa namna hiyo aweza kuwa na mke na watoto nyumbani alikotoka, na mwenzake mwingine kambini anakofanyia kazi. Mtoto akizaliwa kambini, mara nyingi hubebwa na mama peke yake mpaka kliniki, na jina la baba hubaki midomoni mwa majirani bila kuandikwa popote. Mradi baba yu hai jambo hilo halisumbui. Akifa ghafla, mtoto anabaki bila karatasi na bila msemaji.

Na vifo vya ghafla vipo. Mwezi Aprili 2015 wachimbaji wasiopungua 19 walikufa kwa kufukiwa na kifusi katika eneo la Kahama, mkoani Shinyanga. Mwezi Oktoba mwaka huohuo wachimbaji 6 walifukiwa Nyangalata, na watano kati yao waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Mwezi Januari 2017 watu 15 walinasuliwa wakiwa hai kutoka chini ya ardhi huko Nyarugusu. Mwezi Agosti 2025 watu 25 walifukiwa katika machimbo ya Nyandolwa, wilayani Shinyanga. Kila msiba wa namna hiyo huacha nyuma madai ya mirathi, na katika baadhi ya madai hayo hutokea mtoto ambaye jamaa wa marehemu hawajapata kumwona.

2. MTOTO HUPOKEA NINI KWA BABA

Kila binadamu hupokea nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba. Wataalamu hawasomi vinasaba vyote. Huchagua sehemu maalumu, ambazo katika maelezo haya tutaziita vituo, na katika kila kituo husoma namba mbili: moja imetoka kwa mama na nyingine kwa baba. Vifaa vinavyotumika katika maabara nyingi duniani husoma vituo kati ya 15 na 24 kwa mara moja.

Baba akiwa hai kazi ni nyepesi. Katika kila kituo mtoto lazima awe na namba moja inayolingana na ya baba. Ikiwa namba zinakataana katika vituo kadhaa, mtu huyo si baba. Zikikubaliana kote, uwezekano wa ubaba hufika zaidi ya asilimia 99.

Kwa ndugu mambo si hivyo. Baba mmoja humpa mtoto huyu namba hii na mtoto yule namba nyingine, kama mzee agawaye mbegu za vikapu viwili bila kutazama. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushirikiana kwa wastani nusu ya vinasaba vyao. Ndugu wa baba mmoja na mama tofauti hushirikiana kwa wastani robo tu. Katika kituo chochote kimoja, ndugu hao wa baba mmoja wana nafasi sawa ya kuwa wamepokea namba ileile kwa baba au ya kuwa wamepokea namba tofauti. Kwa hiyo kutofanana katika kituo kimoja au viwili hakumwondoi mtu katika undugu, na kufanana katika vituo vichache hakumwingizi.

Hii ndiyo sababu wataalamu hawajibu "ndiyo" au "hapana" kwa wepesi katika kipimo cha ndugu. Hujibu kwa kulinganisha: je, matokeo haya yangetazamiwa zaidi kama watu hawa ni ndugu wa baba mmoja, au kama hawana uhusiano wowote?

3. KESI YA KWANZA DUNIANI ILIKUWA YA NDUGU

Isidhaniwe kwamba kupima ndugu ni jambo jipya lililobuniwa kwa shida. Njia ya kutambua watu kwa vinasaba iligunduliwa na Mwingereza Alec Jeffreys katika Chuo Kikuu cha Leicester mwezi Septemba 1984. Kesi ya kwanza iliyoamuliwa kwa njia hiyo, mwaka 1985, ilimhusu kijana wa familia yenye asili ya Ghana aliyekuwa akirejea Uingereza. Maofisa wa uhamiaji walimtilia shaka kwamba si mtoto wa mama aliyemdai, bali ni mpwa wake.

Baba hakupatikana ili apimwe. Jeffreys alichukua damu ya mama na ya watoto wake watatu ambao hawakuwa na ubishi. Kila alama iliyokuwa kwa watoto hao na haikuwa kwa mama ilikuwa lazima imetoka kwa baba. Kwa kukusanya alama hizo aliweza kuchora sura ya vinasaba vya mtu ambaye hakuwapo, kisha akamlinganisha kijana naye. Ilidhihirika kwamba kijana alikuwa mtoto wa mama yule na wa baba yuleyule, na Serikali ya Uingereza ikaachana na shauri hilo.

Msingi wa kipimo cha leo ni uleule: ndugu wanaojulikana, pamoja na mama zao, husaidia kumjenga upya baba aliyefariki.

4. MFANO WA KUJENGA UPYA VINASABA VYA BABA

Tuchukue mfano wa kubuni. Mchimbaji amefariki akiacha mke na watoto wawili nyumbani. Kambini ametokea mama mwingine mwenye binti, akidai kwamba ni mtoto wa marehemu.

Katika kituo kimoja, mke wa nyumbani ana namba 9 na 10. Mtoto wake wa kwanza ana 9 na 12. Kwa kuwa 9 imetoka kwa mama, 12 imetoka kwa baba. Mtoto wa pili ana 10 na 15. Kwa kuwa 10 imetoka kwa mama, 15 imetoka kwa baba. Basi marehemu alikuwa na 12 na 15, na hakuna namba ya tatu, maana kila mtu ana namba mbili tu.

Sasa atazamwe binti wa kambini. Mama yake ana 8 na 11. Binti akiwa na 8 na 15, namba 15 imetoka kwa baba yake, nayo inalingana na ya marehemu. Binti akiwa na 8 na 13, namba 13 imetoka kwa baba yake, na marehemu hakuwa nayo. Kituo hicho kinamkataa, na vituo vingine kadhaa vikimkataa vilevile, dai linaanguka.

Lakini huenda watoto wote wawili wa nyumbani walipokea 12. Hapo namba ya pili ya marehemu haijulikani, na 13 ya binti haiwezi kukataliwa, kwa sababu huenda ndiyo namba iliyofichika. Kwa baba mwenye namba mbili tofauti, watoto wawili huonyesha namba zake zote mbili katika nusu ya vituo tu. Watoto watatu huzionyesha katika robo tatu ya vituo, wanne katika saba ya nane, na watano katika kumi na tano ya kumi na sita.

Kutokana na hesabu hiyo wananchi wanashauriwa yafuatayo. Kwanza, wapimwe watoto wa marehemu wengi kadiri wanavyokubali, wala si mmoja tu. Pili, mama wa pande zote mbili wapimwe pia, kwani bila mama haijulikani ni namba ipi iliyotoka kwa baba. Mdai mmoja akipimwa na ndugu mmoja wa mama tofauti, bila mama yeyote, mara nyingi familia hutumia fedha na kupata jibu lisilosema kitu.

5. NANI MWINGINE AWEZA KUPIMWA

(a) Wazazi wa marehemu. Ikiwa babu na bibi wa upande wa baba wako hai na wamekubali, kipimo chao huwa na nguvu kuliko cha ndugu mmoja, kwa sababu kila kilichokuwa kwa marehemu kilitoka kwao wawili. Wazee hao wasisahaulike kijijini wakati wajukuu wanagombana mjini.

(b) Wanaume wa ukoo. Baba humpa mwanawe wa kiume kromosomu Y takriban bila mabadiliko, naye huipokea kwa baba yake, na hivyo kurudi nyuma vizazi vingi. Ikiwa mdai ni mwanamume, Y yake hulinganishwa na ya mtoto wa kiume wa marehemu, ya kaka wa marehemu au ya babu. Zikitofautiana waziwazi, wawili hao hawatokani na mstari mmoja wa baba. Zikilingana, imethibitika kwamba mdai ni wa ukoo huo upande wa kiume, lakini haijathibitika kwamba baba yake ni marehemu. Aweza kuwa wa kaka yake, au wa baba yake mdogo. Jambo hili ni zito machimboni, ambako mara nyingi ndugu wawili au watatu wa ukoo mmoja hufanya kazi katika duara moja.

(c) Mabinti. Baba ana kromosomu X moja tu, naye humpa kila binti X hiyohiyo. Hivyo mabinti wa baba mmoja, hata wakiwa wa mama tofauti, lazima wawe na X moja inayolingana. Kipimo hiki husaidia sana pale mdai na mtoto wa nyumbani wote ni wanawake, hasa mama zao nao wakipimwa.

(d) Masalia ya marehemu. Ikiwa marehemu alipata matibabu hospitalini na sampuli ya mwili wake imehifadhiwa, sampuli hiyo yaweza kutumika kwa kibali kinachostahili. Kufukua kaburi ni hatua ya mwisho, haifanywi kwa uamuzi wa ndugu peke yao, na yahitaji amri ya mahakama. Ni afadhali sana ombi la kuchukua sampuli lipelekwe kabla ya maziko, ikiwa inajulikana kwamba yupo mtoto ambaye hajatambuliwa.

Ieleweke pia kwamba kipimo cha vinasaba vinavyopita kwa mama pekee hakina msaada katika kutafuta ubaba.

6. JINSI YA KUSOMA MAJIBU

Majibu ya kipimo cha ndugu huandikwa kwa uwiano. Uwiano wa 1 maana yake kipimo hakikuegemea upande wowote. Uwiano wa 10 maana yake matokeo yaliyoonekana yangetazamiwa mara 10 zaidi kama watu hao ni ndugu kuliko kama si ndugu. Uwiano wa 1,000 una uzito mkubwa zaidi, na uwiano ulio chini ya 1 huelekea kukana undugu.

Aidha, ikumbukwe kwamba mtu na ndugu yake wa baba mmoja, mtu na baba yake mdogo, na mtu na babu yake, wote hushirikiana kwa wastani kiasi kilekile cha vinasaba, yaani robo. Maabara haiwezi kukisia ni uhusiano upi unaogombewa. Ni wajibu wa wahusika kuieleza wazi tangu mwanzo, na kutaja kama kuna ndugu mwingine wa marehemu anayedhaniwa kuwa ndiye baba. Kuficha habari hiyo kwa aibu ni kuiharibu kazi nzima.

7. SHERIA INASEMAJE

Kwa Tanzania Bara, uchukuaji na upimaji wa sampuli husimamiwa na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwananchi haendi mwenyewe na kutaka apimwe na ndugu zake. Ombi hupitia kwa mamlaka zinazotambuliwa, miongoni mwake zikiwa mahakama, ofisa ustawi wa jamii, wakili, mkuu wa wilaya na polisi. Mamlaka ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, ambako wakazi wa Geita na Shinyanga wanaweza kuulizia utaratibu na ada.

Sampuli huchukuliwa kwa ridhaa, au kwa amri ya mahakama. Kwa mtoto mdogo, ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi. Kuokota kikombe cha mtu, mswaki au nywele zake na kuzipeleka kupimwa kwa siri ni kinyume cha utaratibu huo, na majibu yake hayana heshima mbele ya hakimu, kwa sababu hakuna awezaye kuapa kwamba sampuli ilikuwa ya nani.

Kuhusu ubaba wenyewe, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu maombi ya kuthibitisha uzazi yapelekwe mahakamani na mtoto, mzazi, mlezi au ofisa ustawi wa jamii. Kama ilivyotungwa, kifungu cha 34 kinataja muda: maombi yaweza kuletwa kabla mtoto hajazaliwa, au ndani ya miaka mitatu baada ya kifo cha baba au mama, au kabla mtoto hajatimiza umri wa miaka 18, na baada ya umri huo kwa ruhusa maalumu ya mahakama. Wenye madai wasikae wakingoja hasira za msiba zipoe hadi miaka ikapita.

Vinasaba si ushahidi pekee. Mahakama hutazama pia jina la mzazi katika rejista ya vizazi, na kama marehemu alimkiri mtoto hadharani. Barua, rekodi za kliniki, risiti za fedha za matunzo zilizotumwa kwa simu, na maneno ya viongozi wa kitongoji na ya wenzake wa duarani, vyote vikusanywe mapema. Pale ambapo kipimo cha ndugu kimetoa uwiano wa wastani, mambo hayo ndiyo huweza kuamua.

Wananchi wa Zanzibar wanakumbushwa kwamba huko ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011, na mirathi ya Waislamu husikilizwa na Mahakama ya Kadhi.

8. DAMU NI JAMBO MOJA, URITHI NI JINGINE

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Hudhani kwamba karatasi ya maabara ikisema "ndugu", mtoto amekwisha kurithi. Sivyo. Maabara hujibu swali la damu. Swali la nani arithi hujibiwa na sheria inayotawala mirathi ya marehemu, na mahakama huichagua kwa kutazama jinsi alivyoishi: kwa mila, kwa dini ya Kiislamu, au kwa sheria ya jumla, ambayo ni Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 iliyorithiwa tangu enzi za ukoloni.

Kwa upande wa mila, kanuni za urithi zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 zinasema kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa harithi upande wa baba pale ambapo hakuna wosia. Kanuni za sheria ya jamaa za mwaka huohuo zilimpa baba nafasi ya kumhalalisha mtoto kwa kumwoa mama yake, au kwa kutoa malipo kwa baba wa binti kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hahesabiwi katika nasaba ya baba kwa ajili ya mirathi, hata kama damu ni yake. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu, lakini mahakama ya mirathi huuliza kitanda hicho kilikuwa cha ndoa au sivyo.

Kwa hiyo mama aliyeishi na marehemu kambini anapaswa kuangalia mambo mawili pamoja: uthibitisho wa damu na uthibitisho wa ndoa, iwe ya kimila, ya kidini au ya kiserikali. Kama mahari ilitolewa au wazee walikutana, mashahidi watafutwe.

Kanuni za mwaka 1963 zimelalamikiwa kwa muda mrefu, na Shinyanga ina nafasi yake katika historia hiyo. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga mahakamani kwa jinsi zinavyowabagua wanawake katika urithi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini haikuzibatilisha. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba haki za wajane hao zilikiukwa. Shauri hilo halikuhusu watoto wa nje ya ndoa, lakini linaonyesha uzito ambao kanuni hizo bado ziliubeba miaka mingi baada ya kutangazwa.

Kwa upande mwingine, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu kumnyima mtoto matumizi ya kadiri ya mali ya mzazi wake. Hivyo, hata pale mila inapofunga mlango wa urithi, mtoto aliyethibitishwa si mgeni asiye na haki ya kusikilizwa. Tena yapo mafao yasiyogawanywa kwa kanuni za mila, kama fidia ya mfanyakazi aliyefia kazini au mafao ya hifadhi ya jamii, ambayo huwatazama wategemezi. Mchimbaji aliyekuwa na ajira rasmi huenda ameacha haki hizo, na uthibitisho wa ubaba ndio utakaomfikisha mtoto dirishani.

9. UTARATIBU WA KUFUATA

(a) Mama au mlezi aende kwanza kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya, akiwa na cheti cha kifo au taarifa ya kifo, kadi ya kliniki ya mtoto na majina ya mashahidi.

(b) Aulizie kama shauri la mirathi limekwisha funguliwa, na katika mahakama ipi. Kwa kawaida mahakama ya mwanzo yenye mamlaka ni ya mahali marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu, wala si lazima iwe mahali alipofia. Kwa mchimbaji, huenda ni kijiji cha nyumbani kilicho mbali na kambi.

(c) Ikiwa msimamizi wa mirathi hajateuliwa, dai liwasilishwe mapema kama pingamizi, au mtoto atajwe miongoni mwa wenye maslahi. Ikiwa ameteuliwa, ataarifiwe kwa maandishi bila kuchelewa. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne, na mali ikishagawanywa ni taabu kuirudisha.

(d) Mahakama iombwe kuelekeza kipimo, ikitaja majina ya watakaopimwa na uhusiano unaochunguzwa.

(e) Wote watakaopimwa wafike na vitambulisho. Majibu hurejeshwa kwa mamlaka iliyoomba kipimo.

10. TAHADHARI KWA FAMILIA

Kipimo cha ndugu huchunguza pande zote mbili. Watoto wa nyumbani wanaopimwa ili kumlinganisha mgeni nao wanalinganishwa wenyewe kwa wenyewe. Imewahi kutokea katika nchi mbalimbali kwamba mdai akaonekana ni wa marehemu, na mmoja wa watoto wa nyumbani akaonekana si wake. Habari ya namna hiyo haiwezi kurudishwa ilikotoka. Kwa sababu hiyo ridhaa isiwe ya kusukumwa. Kila mtu mzima aelezwe hatari hiyo kabla ya kutoa sampuli, na watoto wadogo wasielezwe majibu kwa njia ya ugomvi.

Vilevile wajane wasichukulie kila dai kuwa ni hila ya kunyang'anya mali. Mtoto hakuchagua kuzaliwa kambini. Na wenye madai nao wasimwendee mjane siku ya arobaini na barua ya wakili mkononi kabla ya kuwaona wazee. Mara nyingi ukoo unaokaa kitako na kumkubali mtoto mbele ya mashahidi hupunguza gharama ambazo kesi ingezila.

11. KINGA NI BORA

Hakuna kipimo cha ndugu kinachoshinda saini ya baba aliye hai. Mpango wa kuwaandikisha watoto wenye umri chini ya miaka mitano bila ada, kupitia vituo vya afya na ofisi za kata, umefika katika mikoa ya Geita na Shinyanga. Baba ambaye hajafunga ndoa na mama wa mtoto aende mwenyewe akakubali kuandikwa. Amtambulishe mtoto kwa wazee wake angalau mara moja, picha ipigwe, na majina yaandikwe. Mwenye duara, leseni ya uchimbaji mdogo, nyumba au ng'ombe aandike wosia wenye mashahidi, amtaje kila mtoto kwa jina na kwa jina la mama yake.

Wachimbaji wanaoteremka shimoni kila asubuhi wanahimizwa kulitekeleza jambo hili wakati wa mapumziko yajayo ya kurudi nyumbani. Familia ambazo msiba umekwisha zifika zinashauriwa kumwona ofisa ustawi wa jamii wa wilaya yao, na kuuhesabu muda wa miaka mitatu kuanzia tarehe iliyoandikwa katika cheti cha kifo.